Nyasi zinakufa kwa mabaka: namna ya kuzuia ugonjwa wa kuvu usienee bustani nzima

Kila masika swali linalonifikia ni lilelile: "Nimepuliza dawa ya ukungu, nimerudia, na mabaka yanazidi." Ukimdadisi muulizaji kidogo, unakuta dawa ilipulizwa asubuhi, jioni bustani ikamwagiliwa kama kawaida, na kesho yake fundi akapita na mashine ya kukatia nyasi aliyotoka kuitumia kwa jirani. Katika hali hiyo hakuna dawa itakayofua dafu.

Ugonjwa wa kuvu kwenye nyasi husafiri, na mara nyingi wanaousafirisha ni sisi wenyewe. Ndiyo maana hatua za mwanzo hapa ni za kuuzuia usitembee. Dawa iko karibu na mwisho, na wengi wenu hamtaihitaji.

Hatua hizi zinafaa kwa ukoka, pasipalamu, nyasi za kikuyu na zile nyasi za Pemba zenye majani mapana. Iwe una kibustani cha mbele ya nyumba, uwanja wa shule au nyasi za hoteli, utaratibu haubadiliki.

## Vitu vya kuandaa

- Vigingi vifupi na kamba
- Kisu kidogo kikali, na lenzi ya kukuzia ukiipata
- Bisibisi ndefu
- Makopo matupu 6 ya saizi moja (ya tuna yanafaa sana) na rula
- Mifuko ya plastiki inayoonesha kilichomo ndani na karatasi za shashi
- Ndoo 2, brashi ngumu, na Jik au spiriti
- Reki na uma wa kulimia
- Mchanga wa mtoni uliooshwa (si wa baharini, una chumvi) na mboji iliyoiva
- Mbolea ya CAN na mizani ya jikoni
- Bomba la mgongoni la kupulizia, glavu, barakoa na buti, endapo utafika kwenye dawa

## Hatua ya 1: Hakikisha ni kuvu kweli

Nenda bustanini alfajiri, kabla umande haujakauka. Saa nne ushahidi mwingi umeshapotea.

Piga magoti ukingoni mwa baka, pale nyasi nzima zinapokutana na zilizougua. Katikati ya baka hapakufai, kwa sababu jani lililokwisha kufa huvamiwa na kuvu za kila aina, hata zisizo na hatia. Ukingoni ndipo ugonjwa ulipo hai.

Ukiona nyuzi nyeupe nyembamba mithili ya pamba iliyochambuliwa, zitazame vizuri. Utando wa buibui hutandazwa juu ya nyasi na huonekana hata jua likiwaka. Nyuzi za kuvu huingia katikati ya majani, huyaunganisha moja na jingine, na hutoweka umande ukikauka.

Kisha ondoa washukiwa wengine:

Mafunza ya ardhini. Shika nyasi za kwenye baka, uzivute. Zikinyanyuka kama kipande cha kapeti, hazina mizizi, chimba kidogo chini yake. Ukikuta mafunza meupe yaliyojikunja, tatizo lako ni wadudu.

Viwavijeshi. Changanya vijiko 2 vya sabuni ya maji ya kuoshea vyombo kwenye lita 4 za maji, umwage kwenye eneo la mita 1 ya mraba. Kama wapo, watapanda juu ndani ya dakika kama kumi.

Mkojo wa mbwa, petroli iliyomwagika, mbolea iliyorundikana. Haya huunguza ghafla na hayapanuki. Baka la mbwa mara nyingi huzungukwa na duara la kijani kibichi kilichokolea.

Kisu butu cha mashine. Ncha za majani zinakuwa zimechanika, nyeupe, bustani nzima kwa usawa.

Kama bado una shaka, kata majani machache kutoka ukingoni, yatie kwenye mfuko wa plastiki pamoja na shashi yenye unyevu kidogo, funga, uache ndani ya nyumba usiku mmoja au miwili. Nyuzi zikichomoza kwenye madoa ya majani yaliyokuwa bado na ukijani, una ugonjwa wa kuvu.

Utajua umefaulu ukiweza kuonesha kwa kidole jani moja lenye doa na kusema doa linaanzia wapi na kuishia wapi.

## Hatua ya 2: Tambua unasafiri kwa njia gani

Hapa ndipo watu wanapoteleza. Wanajifunza jina la ugonjwa, wanakimbilia duka la pembejeo. Jina lina faida yake, lakini kinachokuokoa ni kujua ugonjwa wako unatembeaje, maana kila njia ina mlango wake wa kufungwa.

### Vidoa vidogo vya duara, ukubwa wa sarafu

Rangi ya majani makavu, na kwenye nyasi zilizokatwa fupi huwa na upana wa sentimita 2 hadi 6. Vikiachwa huungana vikawa mabaka yasiyo na umbo. Chukua jani moja: utaona doa jeupe la manjano limekata jani kwa upana, limebanwa katikati, na kingo zake ni za kahawia nyekundu. Kuvu wanaohusika huitwa *Clarireedia*. Hadi mwaka 2018 walijulikana kama *Sclerotinia homoeocarpa*, na bado utakuta lebo nyingi za dawa zenye jina hilo la zamani.

Kuvu hawa hawategemei upepo. Hutambaa kwa nyuzi kutoka jani hadi jani la jirani, na huruka mbali kwa vipande vya nyasi vilivyonasa kwenye mashine, reki na viatu vyenye umande. Hupenda nyasi zenye njaa ya naitrojeni.

### Baka kubwa la duara

Linaweza kufika mita 1 au zaidi, na ukingo wake huwa wa manjano au rangi ya machungwa. Vuta shina moja la ukingoni. Likichomoka kwa urahisi na kitako chake, pale jani linapolivaa shina, kimeoza na kuwa cha kahawia, huyo ni *Rhizoctonia*. Huyu naye kwa kawaida hatawanyi spora (chembe ndogo anazozaliana nazo kuvu) kwenye nyasi. Hutambaa kwa nyuzi, na hujificha ardhini miezi mingi kama vijipunje vigumu vya kahawia. Ndiyo maana baka hurudi palepale msimu unaofuata. Hupenda nyasi zilizoshiba mbolea kupita kiasi na udongo usiokauka.

### Michirizi yenye utelezi

Majani yanaonekana kama yamepakwa mafuta, meusi-meusi, yamelala na kugandamana, halafu yanakauka haraka. Michirizi inafuata mkondo wa maji au alama za magurudumu ya mashine. Hii ni kazi ya pithiamu, na kati ya yote ndiye mwenye haraka: usiku mmoja wa joto na unyevu unatosha kukuharibia eneo zima. Kitaalamu si kuvu kamili, ukoo wake uko karibu zaidi na mwani wa kahawia, na spora zake zina mikia ya kuogelea. Popote maji yanapotiririka, anafika. Hushambulia sana nyasi zilizopandwa karibuni na mahali maji yanapotuama.

### Vumbi la rangi ya machungwa, au madoa ya kahawia na zambarau

Futa jani kwa shashi nyeupe. Ikitoka na unga wa rangi ya kutu, ni kutu. Madoa madogo ya kahawia au zambarau yaliyotapakaa kwenye ukoka ni ya kuvu wa jamii ya *Bipolaris* na *Curvularia*. Hawa wote hurusha spora kwa upepo na matone ya mvua, kwa hiyo huwezi kuwawekea uzio. Dhidi yao silaha ni afya ya nyasi na majani makavu.

### Duara la uyoga

Pete ya nyasi za kijani kilichokolea, wakati mwingine na uyoga juu yake, inayopanuka mwaka hadi mwaka. Chini yake mara nyingi kuna kisiki au mbao zilizofukiwa wakati wa ujenzi. Chimbua kilichofukiwa, toboa udongo kwa uma, loanisha kwa kina. Kupulizia majani hapa ni kumwaga fedha.

## Hatua ya 3: Weka mpaka leo, usingoje kesho

Pigilia vigingi kuzunguka kila baka, sentimita 30 nje ya ukingo unaouona, kisha zungusha kamba. Nyuzi huwa zimeshatangulia mbele ya manjano unayoyaona, na hiyo nafasi ya ziada ni kwa ajili ya nyuzi hizo.

Ndani ya kamba hakuna kupita, kucheza mpira wala kuanika nguo chini. Kama baka liko kwenye njia ya mkato inayotumiwa na kila mtu, hamisha njia kwa wiki mbili tatu.

Vigingi hivi pia ndivyo kipimo chako. Bila alama, kila asubuhi utadhani baka limekua.

Utajua umefaulu ikiwa baada ya siku 10 ukingo haujafika kwenye vigingi.

## Hatua ya 4: Kata nyasi kwa mpangilio

Kama ningeruhusiwa kukuachia hatua moja tu, ningechagua hii. Mashine ya kukatia nyasi hufanya mambo matatu kwa mpigo: hukata jeraha kwenye kila jani, hubeba vipande vyenye ugonjwa, na kuvitawanya juu ya majeraha hayo. Nyasi zikiwa zimelowa, vipande hunata chini ya mashine na kwenda nayo hadi bustani inayofuata.

1. Subiri majani yakauke. Pitisha kiganja juu ya nyasi. Kikitoka na maji, ahirisha. Baridi na umande wa Juni hadi Agosti Nairobi au Mbeya unaweza kukuchelewesha sana. Afadhali uchelewe.
2. Anzia upande mzima, malizia upande mgonjwa. Maeneo yaliyozungushiwa kamba yakatwe mwisho kabisa, na baada ya hapo mashine isirudi kwenye nyasi nzima kabla ya kusafishwa.
3. Usikate zaidi ya theluthi moja ya urefu. Nyasi iliyonyolewa ghafla hutumia akiba yake yote kuotesha majani, na mizizi hubaki bila kitu. Kwa bustani ya nyumbani, ukoka na pasipalamu ziache kwenye sentimita 3 hadi 5. Nyasi za majani mapana zipe sentimita 6 na zaidi.
4. Noa kisu. Jani lililochanwa hupona polepole kuliko lililokatwa.
5. Kusanya takataka za eneo gonjwa. Zifungie kwenye mfuko na uzitoe nje. Usizitandaze chini ya maua. Bustani ikishapona unaweza tena kuacha vipande vioze palepale, vinarutubisha.
6. Safisha mashine papo hapo. Izime na uchomoe waya wa plagi kwanza. Watu wamepoteza vidole kwa kusahau hili. Kwangua majani yaliyonata, sugua kwa brashi na maji ya sabuni, kisha pangusa kwa spiriti, au kwa Jik sehemu 1 kwenye maji sehemu 9. Jik hula chuma, kwa hiyo baada ya dakika kumi suuza, kausha na upake mafuta kidogo. Soli za viatu na meno ya reki yapitishe kwenye utaratibu huohuo.

Sasa suala la fundi anayepita nyumba kwa nyumba. Mtaa mzima unatumia mashine moja, na ndiyo sababu mabaka yanayofanana huonekana nyumba tano zilizofuatana. Usimgombeze, yeye hajui na hakuna aliyemwambia. Mwandalie ndoo na brashi getini, umwambie: "Kaka, kabla hujaiwasha naomba tuisafishe pamoja, nyasi zangu zinaumwa." Mwongezee kidogo kwa muda wake. Kinachobanduka chini ya mashine hiyo kitakushangaza.

Utajua umefaulu ikiwa hakuna vidoa vipya vilivyopangika kwenye mistari ya magurudumu.

## Hatua ya 5: Punguza saa za majani kulowa

Kuvu wengi wa nyasi huhitaji jani libaki limelowa kwa saa nyingi mfululizo, zaidi ya kumi mara nyingi, ndipo waingie ndani. Umande peke yake unaanza usiku na kwisha asubuhi. Ukimwagilia saa kumi na mbili jioni, umeongeza saa kadhaa mbele ya umande na kuvu anapata usiku wote.

Mwagilia alfajiri, kati ya saa kumi na saa kumi na mbili. Majani tayari yana umande, hivyo huongezi saa za kulowa; unasuuza ule utomvu mtamu unaojitokeza kwenye ncha za majani usiku, na jua linakuja kumalizia.

Mwagilia kwa kina, mara chache. Wakati wa kiangazi nyasi nyingi zinatosheka na milimita 25 hivi kwa wiki. Milimita 1 juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1, kwa hiyo mita 100 za mraba zinahitaji lita 2,500 kwa wiki. Gawa mara mbili. Kwenye mchanga wa pwani, Kigamboni au Diani, gawa mara tatu kwa sababu maji hayakai.

Kupima, panga yale makopo 6 bustanini, fungua maji dakika 15, kisha pima kina kwa rula. Makopo yakitofautiana sana, umeshapata sababu ya upande mmoja kuwa na mabaka. Baada ya kumwagilia, chomeka bisibisi: ikizama sentimita 15 bila kulazimisha, inatosha.

Ondoa umande. Asubuhi buruta mpira wa maji au kamba ndefu juu ya nyasi ili matone yaanguke. Lakini usiburute kamwe kupita kwenye baka, na kama una pithiamu acha kabisa zoezi hili, maana utamsambaza kwa mkono wako.

Ruhusu hewa na jua. Punguza matawi ya chini ya mwembe au mwarobaini. Kona iliyozibwa na ukuta pande mbili ndiyo huanza kuugua, na pengine ni busara kuondoa nyasi hapo na kuweka kokoto.

Utajua umefaulu ikiwa kufikia saa tatu siku ya jua, soksi zako zinatoka kavu.

## Hatua ya 6: Lisha kulingana na ugonjwa

Mbolea humponya mgonjwa mmoja na kumwangamiza mwingine, kwa hiyo rudi hatua ya 2 kabla hujafungua mfuko.

Vidoa vya sarafu na kutu: nyasi zina njaa. Kwa mita 100 za mraba tumia kilo 1 ya CAN, ambayo ni gramu 260 hivi za naitrojeni. Tawanya nyasi zikiwa kavu, mwagilia mara moja ili chembe zisiunguze majani. Nyasi zikianza kukua kwa kasi, sehemu zenye doa zitaondoka na mashine.

Baka kubwa la *Rhizoctonia* na pithiamu: simamisha naitrojeni yote, urea, CAN na samadi mbichi, hadi ukingo utulie. Majani mapya yaliyo laini ni chakula chao.

## Hatua ya 7: Fungua udongo, baada ya ugonjwa kutulia

Kata kipande kidogo cha nyasi kwa kisu na utazame ubavuni. Kati ya majani mabichi na udongo kuna tabaka la mabua na mizizi iliyokufa. Likizidi sentimita 1 na nusu hivi, maji yanakwama humo na kuvu anapata makao.

Likwangue kwa reki ngumu, toboa udongo kwa uma kila sentimita 10 hadi 15, kisha tandaza mchanga wa mtoni uliochanganywa na mboji, unene wa nusu sentimita, na uufagie uingie matunduni. Usifanye haya ugonjwa ukiwa unatembea: kila jeraha ni mlango.

## Hatua ya 8: Dawa, ikiwa bado ukingo unavuka vigingi

Peleka jani dukani, na soma kiambato kwenye lebo badala ya jina la biashara.

- Vidoa vya sarafu: propikonazoli husaidia. Azoksistrobini, ingawa ni dawa nzuri kwa magonjwa mengi, kwa huu ni dhaifu.
- Baka kubwa: azoksistrobini au propikonazoli. Tumia maji mengi zaidi ili dawa ifike kwenye vitako vya mashina.
- Kutu na madoa ya majani: mankozebu hulinda majani ambayo hayajaugua. Propikonazoli na azoksistrobini huingia ndani.
- Pithiamu: metalaksili. Propikonazoli haitamgusa, kwa sababu si kuvu kamili.

Kwenye lebo tafuta namba ya kundi: azoksistrobini ni 11, propikonazoli 3, metalaksili 4, mankozebu M03. Usirudie kundi lilelile mfululizo zaidi ya mara mbili, kuvu huzoea. Kubadilisha jina la chupa huku namba ni ileile si kubadilisha dawa.

Pima bomba lako kwanza. Tia maji matupu, pulizia eneo la mita 10 kwa 10 kwa mwendo wako wa kawaida, uone yametumika kiasi gani. Kama ni lita 8, basi dozi ya mita 100 za mraba inaingia kwenye lita 8. Lebo ikisema lita 1 kwa hekta, kwako ni mililita 10. Kukadiria kwa kizibo ndiko kunakounguza nyasi au kuzembesha dawa.

Nunua tu dawa iliyosajiliwa na mamlaka ya viuatilifu, yaani TPHPA kwa Tanzania au PCPB kwa Kenya, na hakikisha lebo inaruhusu matumizi kwenye nyasi. Pulizia asubuhi bila upepo, ukiwa na glavu na barakoa. Watoto, kuku na mbwa wasikanyage hadi muda uliotajwa kwenye lebo upite. Usikate nyasi kesho yake. Ipe siku mbili.

Utajua umefaulu si kwa mabaka kugeuka kijani, maana jani lililokufa halifufuki. Tazama ukingo: majani mapya yanatoka bila doa, na mfuko wako wa plastiki wenye shashi haupati tena nyuzi.

## Hatua ya 9: Ziba mapengo kwa nyasi safi

Ukoka, pasipalamu na kikuyu hutambaa na kujiziba zenyewe. Mapengo mapana pandikiza kwa vipande kutoka upande mzima wa bustani yako.

Ukinunua nje, nenda kitaluni mwenyewe, alfajiri ikiwezekana. Omba kuona shamba zinakotoka nyasi hizo, si rundo lililoloweshwa pembeni ya barabara. Geuza kipande: mizizi iwe myeupe, isiwe na harufu ya kuoza, majani yasiwe na madoa uliyojifunza hatua ya 2. Ukifika nyumbani panda siku hiyohiyo kwenye kona moja, zungushia kamba, na ukate kona hiyo mwisho kwa wiki tatu za mwanzo kabla ya kuichanganya na bustani nyingine.